Bwana Shamba, mboga zangu za mtoni zina floraidi, ning'oe?

SWALI: Bwana Shamba habari za kazi. Nalima mboga za majani kando ya mto, namwagilia kwa pampu na maji hayohayo ndo tunakunywa na kupikia nyumbani. Nimepima maabara, majibu yamerudi hivi: maji yana floraidi miligramu 2.1 kwa lita, udongo 320 kwa kilo, majani 18 kwa kilo. Jirani kaiona karatasi anasema majani yana sumu karibu mara tisa ya maji. Sasa ning'oe? Nina mtoto wa miaka mitatu. (Mkulima wa Mtoni)

JIBU: Weka jembe chini kwanza ndugu yangu. Floraidi ni madini yanayokaa kwenye maji na udongo, ikizidi mwilini inaharibu meno. Jirani kalinganisha vitu visivyolingana. Hebu angalia tena karatasi, pembeni ya hiyo 18 nadhani utakuta pameandikwa uzito mkavu, maana maabara huwa wanakausha majani kwenye oveni mpaka yanavunjika vidoleni kama tumbaku, ndo wanasaga na kupima. Na mboga mbichi karibu asilimia 90 ni maji tu, kwa hiyo ule unga kilo moja ni kama kilo kumi za mboga shambani, na 18 yako inashuka mpaka 1.8 hivi. Mtu mzima akila gramu 200 kaingiza miligramu 0.36. Akinywa lita mbili za maji yako? 4.2! Yaani unaiogopa sahani wakati kikombe kimekaa hapo pembeni.

Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, umeshapita. Mtoto wa umri huo wataalamu wa Marekani wamemwekea kisizidi miligramu 1.3 kwa siku, kwa hiyo lita moja tu imemzidi, na meno yake ya ukubwani ndo yanajitengeneza saa hizi ndani ya fizi, madoa ya floraidi yakishaingia hayatoki kwa mswaki. Na usidanganyike na kuchemsha, maji yanapungua floraidi inabaki, supu ikikauka ndo inazidi kukolea. Mtafutie maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, ila ule mkaa unachoka, usipobadilishwa ni pambo tu.

Udongo 320 wala usikutishe, udongo mwingi duniani uko kati ya 150 na 400, na floraidi nyingi imeng'ang'ania kwenye mfinyanzi mizizi haiipati. Shida inakuja udongo ukiwa na sodiamu nyingi (ile iliyomo kwenye chumvi), hapo inaachia na mmea unainywa. Kalisiamu ndo inaikamata, ndo maana kwenye udongo wa hivo watu wanaweka jasi, yaani madini meupe yenye kalisiamu.

Ila sijasema shamba liko salama milele. FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) kwa maji ya kumwagilia miaka na miaka wanataka isizidi miligramu 1 kwa lita, wewe una mara mbili. Acha kurushia maji juu ya majani, yakikauka yanaacha floraidi palepale, mwagia shinani, na mboga ioshwe kwa maji mazuri, sio hayohayo ya mto.

Ukirudi maabara waambie wapime pH ya udongo (yaani uchachu wake), sodiamu na floraidi inayoyeyuka, sio ya jumla tena. Na sampo ya udongo chimba mpaka sentimita 20, usikwangue unga mweupe wa chumvi unaojitokeza juu ya udongo.