"Borrow" au "lend": kalamu inakwenda upande gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Unguja. Juzi kalamu yangu iliisha wino mbele ya mgeni, nikamwambia, "Please borrow me your pen." Alisita kidogo, kisha akanipa. Baadaye mwenzangu akaniambia nimekosea. Nimekosea wapi, na mbona mgeni alinielewa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mgeni alikuelewa kwa sababu alikuona umenyoosha mkono na fomu iko mezani. Lakini mwenzako amesema kweli. Kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi miaka mingi, na asili yake ni Kiswahili chetu wenyewe.

Sisi tukisema "nimeazima sufuria kwa jirani", sufuria imekuja kwetu. Tukimwambia jirani "niazime sufuria", yeye ndiye anayetoa. Kitenzi ni kilekile, kiambishi ndicho kinachotuonyesha njia. Kiingereza kina vitenzi viwili: anayepokea hu-"borrow", anayetoa hu-"lend". Kwa kuwa kalamu ilikuwa ya mgeni, ungesema "Could you lend me your pen, please?" Au anza na wewe mwenyewe: "May I borrow your pen, please?" Mezani pa mapokezi ningechagua hii ya pili, maana inaomba ruhusa.

Kuna mtego mwingine, nao naona unawanasa hata wanaojua Kiingereza vizuri: neno "kwa". "Nimekopa kwa dada" wengi huandika "I borrowed to my sister". Hapana. Kilichotoka kwa dada ni "borrowed from my sister". Hiyo "to" ni ya "lend": "I lent the money to my sister." Na wakati uliopita ni "lent", si "lended".

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinituma kwa jirani kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na siku nyingine kukopa kibaba cha mchele. Hakuwahi kuchanganya maneno hayo. Mbuzi ile ile ingerudi jioni. Mchele ungeingia chunguni, na tungerudisha mwingine. Mwingereza vyote viwili hu-"borrow", na fedha za benki pia. Hapa nasema bila kusita kwamba Kiswahili kimepambanua vizuri zaidi, na ndiyo maana usilitafute neno la pili la "kukopa" katika Kiingereza. Hilo moja linatosha.

Usione haya kwa kosa lako. Huko Minnesota, Marekani, walikohamia Wajerumani na watu wengi wa Skandinavia, wapo wenyeji wanaosema "borrow me" tangu utotoni, ingawa Kiingereza sanifu hakikubali. Kijerumani kina kitenzi "borgen", ndugu wa "borrow", nacho hubeba kuazima kwa pande zote mbili, kupokea na kutoa, kama chetu. Basi akija mgeni kutoka Ujerumani akakuambia "borrow me your pen", mpe kalamu.