Kabla ya vanishi, pindua kiti

Swali la wiki lilikuwa: samani za mbao zinazokaa nje zikishachakaa, zitengenezwe vipi na zipakwe nini ili zidumu? Nadhani wengi watajibu kuhusu kopo la kununua. Mimi naomba kiti kipinduliwe kwanza, kitazamwe nyayo.

Ule ukijivu unaotutia huruma ni kazi ya jua. Miale yake huvunja lignini, kitu kinachoshikilia nyuzi za mbao, kisha mvua huiosha. Ni ngozi ya juu tu, msasa huiondoa. Kinachoua kiti ni maji, nayo hupenda kuingilia pale mbao ilipokatwa kukingama, kwa sababu nyuzi ziko wazi na zinanyonya kama mirija. Kwa hiyo dunga bisibisi nyembamba chini ya kila mguu na kwenye maungio. Ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama, pameoza.

Palipooza kidogo, kwangua kwa patasi mpaka ufikie mbao ngumu, paache pakauke kabisa, ndipo ujaze epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili inayokauka ikawa ngumu. Uozo ukiwa umeingia kwenye kiungo, epoksi ni kujidanganya: kata, unga kipande kipya. Na kiungo kilicholegea tu kisipigiliwe msumari, maana unaweza kupasua mbao, na kutu yake ikaacha doa jeusi. Kifungue, kwangua gundi kuukuu, tia gundi isiyoogopa maji, kisha zungushia kamba miguu yote na uisokote kwa kijiti mpaka kiungo kikaze. Kiache hivyo mpaka kesho yake.

Kusafisha, brashi na maji ya sabuni vinatosha. Zile mashine za kurusha maji kwa nguvu hung'oa nyuzi laini na kuacha mbao ina mifereji. Ikishakauka, piga msasa namba 80, umalizie na 120, siku zote kufuata mkondo wa nyuzi, na ufunike pua usivute vumbi.

Sasa kopo. Vanishi inapendeza, sikatai, lakini nje ikipata ufa mdogo maji hupenya chini yake yasipate pa kutokea, ikaanza kubanduka magamba. Kuirekebisha ni kukwangua upya. Mafuta ya kitani (linseed) yaliyochemshwa, yale ya dukani, huzama ndani ya mbao. Yakipauka unasafisha na kupaka tena, basi. Paka kidogo, subiri robo saa hivi, futa yote yaliyobaki juu, la sivyo utakalia kiti kinachonata. Nyayo za miguu zipe mafuta mara kadhaa mpaka zigome kunywa. Anayetaka kuzuia ukijivu achague mafuta yenye rangi kidogo, kwani ni chembe za rangi zinazokinga jua. Mafuta yasiyo na rangi hayazuii ukijivu sana.

Jambo moja msilipuuze: tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe wakati mafuta yanakauka, na linaweza kuwaka bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au lilowekwe kwenye ndoo ya maji.

Kama una turubai la kufunikia, liache na upenyo wa hewa chini. Likibana, unyevu unabaki ndani na ukungu unaota kwenye mbao uliyotoka kuipaka.