Ile Nota ya Alto Usiiguse

Mwalimu mwenzangu wa kwaya, kama Noeli hii umepanga kuimba O Magnum Mysterium, wimbo wa Kilatini wa mtunzi Morten Lauridsen, nakuomba ukifika kwenye neno "Virgo", yaani Bikira, uiache nota ya alto, sauti ya chini ya wanawake, kama ilivyo.

Mimi sikuiacha. Nilikuwa nahamisha wimbo kutoka nota za mistari mitano kwenda sol-fa, yaani do, re, mi, ili wanakwaya wangu wausome. Do ni D, sauti zote nne zinakwenda kwa utulivu, mara alto wanapewa fe, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua. Nikajua mchapaji amekosea. Nikaandika fa. Mkesha wa Noeli tukaimba hivyo, na waumini wakatupongeza.

Miezi kadhaa baadaye nikasoma maelezo ya mtunzi mwenyewe. Hiyo fe ndiyo nota pekee katika wimbo mzima iliyo nje ya ufunguo wa D, na kwake ndiyo nota kuu kuliko zote, kama taa iliyoelekezwa ghafla kwa Maria. Niliumia sana. Nilikuwa nimeizima taa yenyewe.

Lauridsen, Mmarekani, anasema kilichomwongoza ni mchoro wa mchoraji Mhispania Zurbarán wa mwaka 1633: malimau kwenye sahani, kikapu cha machungwa, kikombe cha maji na ua la waridi, nyuma yake giza tupu. Utafute uutazame na wanakwaya wako kabla hawajafungua kinywa. Vitu vichache, kila kimoja kimewekwa kwa heshima. Wimbo nao uko hivyo hivyo tangu kwaya ya Los Angeles Master Chorale walipouimba mara ya kwanza, Desemba 1994.

Maneno ni ya kale, ya masifu ya usiku wa Noeli: fumbo kuu, wanyama wamemwona Bwana amelazwa horini. Wafafanulie kwanza. Kilatini cha Kanisa hakitawasumbua, maana irabu zake ni hizi hizi zetu, na "magnum" inatamkwa "manyum", ny ileile ya nyota. Shida yetu iko mwishoni mwa neno. Tumezoea kufunga kwa irabu, kwa hiyo utasikia "manyumu" na "natumu", hasa besi wakichoka. Waambie wafunge midomo pamoja kwenye m, wakiangalia mkono wako.

Na usikimbize. Anayetaka makofi na vigelegele achague wimbo mwingine.

Mwaka uliofuata niliwaita alto peke yao nikawaomba radhi, kisha tukaimba "Virgo" taratibu, soprano wakaingia juu yao. Hiyo fe inasuguana, na mimi nasikia humo uchungu wa mama. Niliwaambia waishike bila woga. Walikuwa wakiteleza kurudi kwenye fa niliyowazoesha mwenyewe, na ilituchukua majuma matatu kuitoa masikioni mwao.