Makomandoo wa kanda wanaongozwa na nani?

SWALI: Kaka, habari za Arusha. Juzi kijiweni hapa Majengo Moshi tumebishana mpaka usiku, mwenzangu anasema makomandoo wa Marekani wanaofanya kazi Afrika wanaongozwa kutokea Ujerumani, mi nikagoma kabisa, iweje? Na hizi kamandi za kila kanda zilianzaje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mdogo wangu, hapo mwenzako yuko sahihi. Kamandi ya makomandoo wa Marekani kwa Afrika inaitwa SOCAFRICA, ipo tangu 2008 na makao yake yako Stuttgart, Ujerumani, mji huohuo ilipo AFRICOM, kamandi ya jeshi zima la Marekani kwa Afrika.

Ila chanzo cha kamandi hizi ni machungu ya jangwani Iran, Aprili 1980. Wamarekani walienda kuokoa mateka wao Tehran, helikopta 8 zikaruka, zikafika 6, na kati ya hizo moja ikawa mbovu, zikabaki 5 wakati mpango ulitaka zisipungue 6, basi wakasitisha, alafu wakati wanaondoka helikopta ikagonga ndege ya mizigo wakafa watu 8. Marubani wametoka jeshi hili, makomandoo jeshi lile, hawajawahi kufanya mazoezi pamoja kama kikosi kimoja! Mi kila nikisoma hiyo habari naumia, wale vijana hawakukosa ushujaa, walikosa mtu mmoja wa kuwaunganisha. Ndo 1987 ikaundwa kamandi kuu ya makomandoo wote, SOCOM, iko Tampa, Florida.

Chini yake sasa kuna hizo za kanda, Ulaya, Pasifiki, Mashariki ya Kati na kadhalika, hata Korea ina yake. Tampa inaandaa watu na vifaa, ila amri za kazi za kila siku anatoa mkuu wa kanda husika, maana yeye ndo anaijua.

Na hilo la kuijua kanda ndo mi naliona kubwa kuliko yote. Angalia kwetu, 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi ya kuingilia kati Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ndani yake kukiwa na kombania ya vikosi maalumu, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Askari wetu pale Goma alikuwa anaongea na mama wa sokoni Kiswahili moja kwa moja, hamna mkalimani, sasa mtu wa Stuttgart atalipata wapi hilo? Novemba mwaka huohuo waasi wa M23, waliokuwa wanapigana huko, wakatangaza kuacha vita. Baadae wakarudi tena, na hilo linaniuma mpaka leo.