Taarifa ya maandamano Lamu, na suala la kulala uwanjani

SWALI: Sisi ni vijana na wavuvi wa Lamu. Tunataka kuandamana kupinga kampuni kubwa kuamua mambo ya ardhi na bahari yetu huku wenyeji wakibaki mikono mitupu. Je, ni lazima tupate kibali cha polisi? Na tunaweza kupiga kambi uwanja wa Mkunguni kwa majuma kadhaa, kama waandamanaji wa Occupy Wall Street, waliopinga nguvu za kampuni kubwa huko New York mwaka 2011?

JIBU: Kibali hakihitajiki. Ibara ya 37 ya Katiba imewapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kinachotakiwa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni taarifa, nayo hufikishwa kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya maandamano. Itaje jina kamili na makazi ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita. Pelekeni nakala mbili, na msiondoke kaunta kabla ya ile yenu kugongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa mzozo ukizuka karatasi hiyo ndiyo shahidi wenu. Kuhusu njia, ningeshauri mpite ufukoni badala ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambako punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu.

Kambi ni jambo jingine. Zuccotti Park, walikokaa watu wa New York kuanzia Septemba 17, ni mali ya kampuni binafsi (kinaya kilichoje!) iliyopaswa kuuacha uwanja huo wazi kwa umma usiku na mchana, ilhali bustani za jiji hufungwa usiku. Polisi waliwaondoa usiku wa kuamkia Novemba 15, na siku hiyo hiyo mahakama ikaamua kwamba wangeweza kurudi, lakini bila mahema. Ninyi hamna mwanya kama huo: saa zinazotajwa katika sheria yetu ni kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni, kwa hiyo taarifa yenu haitagusa mkesha.

Badala ya mahema, andaeni ombi la maandishi, ambalo Ibara hiyo hiyo inaruhusu liwasilishwe kwa mamlaka za umma. Kumbukeni kwamba leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa Juni 2019 na Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal, linaloamua kesi za mazingira), ambalo miongoni mwa sababu zake lilisema kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika ombi lenu, onyesheni ni mkutano gani hamkuitwa, na lini.