Kabla hujagusa ruta ya watu: maneno kwa vijana wa zamu

Wadogo zangu wa NOC, chumba cha kuangalia mtandao usiku na mchana, nawapenda, lakini mnanizeesha. Mnaingia kazini na vyeti vipya na laptop zisizo na mkwaruzo, halafu mnafanya makosa yale yale tuliyoyafanya sisi enzi za VSAT, yale madishi ya setilaiti juu ya paa. Ningenyamaza, ila juzi mmoja wenu kazima na kuwasha ruta ya ukingoni mchana kweupe kwa sababu BGP ya mteja mmoja, yaani mazungumzo ambayo ruta hupeana njia za mtandao, ilikuwa inapanda na kushuka. Mteja mmoja! Waliokuwa salama wote wakaanguka pamoja naye. Nilipouliza logi, rekodi za matukio ya ruta, zilisema nini, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Zimefutika, kaka."

Haya, tuanze hapo hapo.

1. Logi kwanza, swichi ya umeme baadaye. Vifaa vingi huweka logi kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, kwa hiyo unapozima na kuwasha unafuta ushahidi kwa mkono wako mwenyewe. Tatizo linaweza kutulia, ukapongezwa, kisha likarudi Ijumaa jioni ukiwa umeshavua beji na hujui pa kuanzia. Pelekeni logi kwenye seva ya syslog, inayozitunza nje ya kifaa. Na kabla ya yote ulizeni swali la kizee: jana palibadilishwa nini? Katika kisa cha juzi jibu lilikuwepo kwenye daftari la zamu, limeandikwa kwa kalamu nyekundu: mteja amehamishiwa linki mpya ya redio. Daftari lilikuwa chini ya chipsi za mtu.

2. Saa. Mteja akikwambia "haipo tangu saa mbili", anasema saa mbili ya kwetu, na wewe ukiandika 02:00 kwenye tiketi umeshampoteza fundi wa zamu ijayo. Ilikuwa 08:00. Na kama ruta inaandika logi kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, tukio lipo kwenye 05:00. Nimemwona kijana mwenye akili nyingi akichimba logi za usiku wa manane mpaka macho yakawa mekundu, akitafuta tatizo lililotokea watu wakinywa chai. Uliza "asubuhi au usiku?", andika kwa saa 24, taja ukanda wa saa, na hakikisha NTP, inayosawazisha saa za vifaa, inafanya kazi kwenye kila kifaa. Ruta inayodhani tuko mwaka 1970 haiwezi kuwa shahidi wa jambo lolote.

3. Pingi ndogo, ile pakiti ya kujaribu kama upande wa pili unajibu, inadanganya. Kwenye Windows inabeba baiti 32 za data, kwenye Linux 56. Hizo zinapita hata kwenye linki iliyochoka. Ndiyo maana mnaniambia "pingi inapita, tatizo liko kwa mteja", wakati mteja anaona kurasa zinaanza kufunguka halafu zinaganda. Piga pingi ya baiti 1472 ukiwa umezuia kukatwakatwa kwa pakiti. Ongeza 28 za vichwa, unapata 1500 kamili. Isipopita, shuka taratibu. Ikianza kupita kwenye 1464, njia inabeba 1492, na hapo mshukiwa wa kwanza ni PPPoE, njia ya kuunganisha wateja inayokula baiti 8 za kila pakiti: rekebisha MSS, kikomo cha data ndani ya pakiti, iwe 1452, kanywe chai. Na yule aliyefunga ICMP yote, jumbe za taarifa kati ya vifaa, kwenye fayawoli "kwa ajili ya usalama", naomba aifungue leo. Amezuia ujumbe unaomwambia mtumaji apunguze ukubwa wa pakiti.

BGP ya juzi ilikuwa hiyo hiyo. Ujumbe wa kufungua kikao ni mdogo, ukapita. Masasisho ya njia ni makubwa, yakadondoka kwenye redio mpya. Nyuma yao ujumbe wa "bado nipo" ukakwama kwenye foleni, sekunde 180 zikaisha, kikao kikafa. Kikafunguka tena. Kikafa tena. Kitu kinachokufa kila baada ya dakika tatu hakina haja ya mganga, kina kipima muda.

4. Hili la nne litakuwa refu. Vumilieni, linanihusu.

Nilikuwa na uzoefu wa kiwango cha hatari: wa kutosha kupewa nywila, usiotosha kuogopa. Mteja mpya, hoteli moja kwenye njia ya Morogoro, alitakiwa awe hewani kabla ya jioni kwa sababu walikuwa na harusi ya wakubwa. Kilichobaki ni kuongeza VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa, namba 340, kwenye tranki ya swichi ya mbali, ile linki moja inayobeba VLAN za wateja wote. Kazi ya mstari mmoja. Utaratibu ulisema mabadiliko yafanywe usiku na fomu ijazwe. Nikasema moyoni, fomu ya nini, VLAN moja tu. Nikaandika:

switchport trunk allowed vlan 340

Wanaojua wameshashika kichwa. Neno "add" halipo. Bila neno hilo swichi inafuta orodha yote iliyokuwepo na kubakiza 340 peke yake. Tawi la benki, zahanati, shule, ofisi za wilaya, wote wakatolewa kwenye tranki kwa pigo moja, pamoja na VLAN ya usimamizi ambayo ndiyo niliyoingilia mimi. Nikabonyeza Enter, nikasubiri mstari mpya utokee. Haukutokea. Nikabonyeza tena, safari hii taratibu, kwa adabu, kana kwamba nimeikwaza. Kimya. Masikio yakapata moto.

Simu zikaanza. Kiongozi wa zamu akauliza kwa sauti, "Kuna nini upande wa Morogoro?" Na mimi, kwa mdomo huu huu unaowasema ninyi, nikajibu: "Nahisi faiba imekatika."

Uongo ulikubalika haraka kwa sababu ulikuwa unafanana na ukweli. Barabara ilikuwa inapanuliwa, makatapila yalikuwa yanatukatia faiba mara kwa mara, hakuna aliyeona ajabu. Timu ikapakia gari: mashine ya kuungia faiba, jenereta ndogo, makoti ya mvua, maana ilikuwa masika. Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: poti ya upande wetu ilikuwa juu muda wote. Mwanga ulikuwa unaingia vizuri kabisa, namba zake zilikuwa mbele yangu kwenye skrini. Faiba iliyokatika haileti mwanga. Nikalifunika lile dirisha kwa dirisha la barua pepe.

Kuna kitu kimoja tu kilichokuwa kinafanya kazi upande ule: hoteli. VLAN 340 ilikuwa imebaki na tranki nzima peke yake. Walipiga simu kushukuru. Walisema hawajawahi kuona intaneti ya kasi namna ile.

Jioni ikaingia. Fundi mkuu wa faiba, mzee aliyekuwa ameanza kazi ya nyaya mimi nikiwa chekechea, alikuwa amefungua shimo kando ya barabara, magoti kwenye matope, akabana faiba kwa kile kifaa kinachoonyesha kama mwanga unapita na unaelekea wapi. Akapiga simu, ikawekwa spika. "Mwanga unapita, kwenda na kurudi. Hapa hakuna mkato na mbele hakuna mkato. Nani kagusa swichi?"

Chumba kizima kilikaa kimya, na nikatambua kwamba nikiendelea kunyamaza watachimba shimo lingine. Nikasema, "Mimi."

Nilitegemea matusi. Kiongozi akauliza neno moja: "Ulihifadhi?" Sikuwa nimehifadhi. Konfigi yangu ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ile iliyohifadhiwa ilikuwa nzima, na orodha yote ya VLAN ndani yake. Dawa ilikuwa kukata umeme wa swichi na kuurudisha. (Najua nimesema nini kwenye namba 1. Safari hii ushahidi ulikuwa umekaa kwenye kiti changu.) Tukampigia mlinzi wa mnara. "Shikamoo mzee, tunaomba uzime kile kifaa chembamba, halafu ukiwashe." "Chenye taa za kijani?" Vyote vilikuwa na taa za kijani. Baada ya maelezo marefu akaamua kuzima kabati zima, na hakukosea. Swichi ikaamka, ikasoma konfigi yake ya zamani, wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Hoteli ikapotea hewani katikati ya maharusi kuingia ukumbini.

Hesabuni wenyewe. Ningesema dakika ile ile, mlinzi angezima, angewasha, na watu wangedhani umeme umecheza kidogo. Nilichofanya ni kuwaacha watu bila mtandao kuanzia mchana mpaka jioni na kumlaza mzee wa watu kwenye matope. Sikufukuzwa. Niliambiwa nimpigie kila mteja mwenyewe, nikapiga, na wiki iliyofuata nikatolewa ofisini niandamane na timu ya faiba. Yule mzee alinipokea vizuri. Alinikabidhi chepe.

Kwa hiyo: andika "add". Kabla ya kugusa kifaa cha mbali cha Cisco andika reload in 10, ili ukijifungia nje kijiwashe upya baada ya dakika kumi na konfigi iliyohifadhiwa, ukimaliza salama reload cancel, na kikikuuliza kama uhifadhi kwanza jibu no. Kwa kazi hiyo hiyo Juniper wana commit confirmed 10. MikroTik wana Safe Mode, Ctrl+X. Usihifadhi kabla hujathibitisha. Na ukikosea, sema ukiwa bado na moto wa masikio. Hasira za kiongozi wa zamu zinaisha kabla ya chakula cha usiku.

Wala msidhani ni ugonjwa wa makampuni madogo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, pamoja na WhatsApp na Instagram, zilitoweka duniani kwa takriban saa sita kwa sababu ya amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo. Uti wa mgongo wa mtandao wao ukakatika, seva zao za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zikajiondoa kwenye BGP, na njia ya akiba ya kuingilia vifaa nayo ikawa haipatikani. Ilibidi watu waende kwenye vituo vya data kwa miguu yao. Nani kati yenu amewahi kuijaribu njia yetu ya akiba? Nimeijaribu. Laini ya simu kwenye ile modemu ilikuwa imefungwa kwa kutokuwekewa salio.

5. Nyota kwenye traceroute, amri inayoonyesha kila ruta njiani; nyota ni ruta ambayo haikujibu. Ruta kubwa ni karani mwenye mafaili mengi: anayapitisha haraka, salamu anajibu akipata nafasi. Nyota tatu katikati ya njia, na mwisho wa njia unajibu safi, si tatizo, msinifungulie tiketi. Upotevu wa kweli ukianzia hatua fulani unaendelea mpaka mwisho. Na njia ya kurudi si lazima iwe ile ya kwenda, kwa hiyo ombeni traceroute ya upande wa pili pia.

Kipimo kimoja cha kukaa nacho kichwani: mwanga ndani ya faiba hutumia kama milisekunde 1 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100. Dar es Salaam mpaka Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, basi milisekunde kumi na kitu ni halali yake. Mkiona 200 kwenda Mwanza, pakiti zenu zimepitia Ulaya kusalimia.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom, nyaya za intaneti za baharini, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, tulipata wateja wakisema "YouTube inacheza vizuri, barua pepe ya ofisi haifunguki, ninyi mmeifungia". Hawakuwa wajinga. Video nyingi hutoka kwenye seva za akiba zilizo karibu, na tovuti za ndani zinapita TIX, kituo cha kubadilishana intaneti cha Tanzania, bila kugusa bahari. Ndani mzima, nje mgonjwa: angalia linki za kimataifa kwanza, kabla hujamwambia mama wa watu abadilishe ruta.

6. Haya mafupi. Faiba isiyofutwa usiichomeke. Vumbi usiloliona linakula mwanga, na konekta ya kijani haioani na ya bluu hata ikiingia. GPON, faiba inayogawanywa kwa wateja wengi, ikisoma mwanga chini ya -27 dBm usimwambie mteja "iko sawa". Poti moja ukiifunga kwenye 100 full (kutuma na kupokea kwa pamoja) na ya pili ukaiacha ijitafutie, ya pili itashukia half (kwa zamu) na utahesabu makosa ya CRC, yaani pakiti zilizoharibika, mpaka uzeeke. Mteja mwenye anwani ya 169.254 hajapewa anwani na DHCP, huduma inayogawa anwani. Jengo zima likipata 192.168.1 wakati ninyi hamgawi anwani hizo, mtu kachomeka ruta yake kinyumenyume. Washeni DHCP snooping, inayozuia mgawaji asiye halali. Redio za masafa ya juu zikizimia kila mvua ikinyesha, angalieni nguvu ya mawimbi saa ile ile ya mvua, sio kesho yake jua likiwaka.

7. Msikilizeni mteja, lakini msiamini tafsiri yake. Dada mmoja wa nyumba ya wageni alilalamika kwamba intaneti inakufa kila anapopiga deki. Vijana walicheka sana. Aliyekwenda akakuta kebo moja ndefu inayoning'inia nyuma ya meza ya mapokezi: kila akideki anaichomoa ili isilowe, kisha anairudisha kwenye tundu lolote analoliona wazi, wakati mwingine ncha zote mbili kwenye swichi ile ile. Kitanzi kamili, na swichi yenyewe ya bei ya chini, haijui spanning tree, kinga ya vitanzi, ni nini. Alikuwa sahihi kuliko sisi. Tulimwachia kebo fupi na tukaziba matundu yaliyobaki kwa gundi ya karatasi.

8. Kabidhi zamu kwa maandishi: nini kimeguswa, na nani, saa ngapi, nini hakijathibitishwa. "Iko poa" si makabidhiano. Na aliyeazima kebo ya konsoli, ile ya bluu, airudishe kwenye droo kabla ya saa mbili. Usiku.