Kabla hujawapa wanafunzi miche ya mikoko

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Lindi aliniandikia: "Mwalimu, nisaidie kupata miche 500 ya mikoko, kidato cha tatu wapande tarehe 5 Juni." Namjibu hapa, maana najua wengi wenu mnatamani kama yeye: watoto waipende bahari yao.

Nami nilianza hivyohivyo. Tulipanda kwenye tope tupu upande wa bahari, mgeni rasmi akapigwa picha, watoto wakaimba. Likaja bamvua la kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likaja la pili. Baada ya miezi mitatu ilibaki miche 11. Mkuu wangu wa wakati ule akasema mbele ya walimu wote kwamba wanafunzi wangu ni wazembe. Liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa sababu watoto wale hawakukosea kitu. Nilikosea mimi.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenifumbua macho. "Mwalimu, huoni pale mbele imesimama mililana peke yake? Mkoko hautaki kupigwa na wimbi." Mlilana ni aina ya mikoko inayostahimili mawimbi; mkoko alioutaja mzee ni aina nyingine, ile tuliyoipanda sisi. Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka minane bila kujiuliza mti gani unakaa wapi, na kwa nini.

Siku hizi naanza na maji. Bamvua likipwa tunashuka na kamba ya mita 50, tunafuata kijito kutoka mashambani, tunapita mikokoni hadi kwenye nyasi za bahari, na mzee yule yuko nasi. Mwaka jana binti mmoja, mkimya sana darasani, alichomeka kijiti kwenye tope nyuma ya njia iliyoinuliwa kwa kifusi, iliyozuia maji ya bahari kuingia na kutoka. Kikatoka cheusi, kinanuka yai viza. Miti yote pale ilikuwa imekauka. Akasema, "Mwalimu, hapa si pa kupanda, ni pa kuzibua."

Tukaomba ruhusa kijijini na kwa watu wa misitu, wanakijiji wakachimba mfereji. Hatukupanda hata mche mmoja. Juzi tumehesabu machipukizi 64 ya mchu, aina nyingine ya mikoko, yaliyojiotea.

Ndugu walimu, huko ndiko kusimamia ikolojia nzima: shamba, kijito, mkoko, samaki na mvuvi kwa pamoja. Wenzetu wa Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ambayo miti yao inaihifadhi, kwa hekta 117 za mikoko, na sehemu kubwa ni msitu uliokuwepo tayari. Waonyesheni watoto kilichosimama kwanza. Wapelekeni pwani, tena wapelekeni mara nyingi.

Wewe wa Lindi, miche iache kwanza. Tafuta kamba, daftari na mvuvi mmoja mzee, kisha mngoje bamvua lipwe.